SOMO LA TARAKILISHI: SEVA YETU ILIYOKUWA IKIZIMIKA OVYO

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma vitendawili, mashairi na insha za safari. Leo nimeomba nafasi niwaeleze habari ya mashine. Mwalimu mlezi wa chama alinikubalia mradi niandike kwa Kiswahili tupu, nami nimejaribu, ila tumebishana kidogo juu ya neno "tarakilishi" kwa sababu hapa Ndalu ukilitamka sokoni watu hukutazama tu. Kwa hivyo nitasema tarakilishi na kompyuta, yote mamoja.

Kaka yangu hutengeneza simu. Alinunua kompyuta kuukuu ya ofisi kule Kitale, akaiweka nyuma ya kochi pale sebuleni na kuigeuza kuwa seva, yaani kompyuta ambayo kazi yake ni kuzitumikia nyingine. Haina hata kioo. Ndani yake aliweka mashine pepe tatu. Mashine pepe ni kompyuta isiyoshikika kwa mkono. Ni programu inayojifanya kompyuta kamili.

Fikiria ploti ya nyumba za kupanga. Mwenye ploti ni mmoja na wapangaji ni watatu, kila mmoja na mlango wake na kufuli yake, na hakuna anayeingia kwa mwenzake. Lakini tangi la maji ni moja na waya wa stima ni mmoja. Mashine pepe ndio wapangaji, na kompyuta yenyewe ndiyo ploti. Wazo hili si geni, kwani kampuni ya IBM ilikuwa nalo tangu miaka ya 1960, na tangu mwaka 2007 Linux ina kipawa hicho ndani yake bila malipo, kinaitwa KVM. Ndiyo maana hata mtu wa Ndalu aweza kuwa na seva.

Mpangaji wa kwanza alihifadhi maktaba ya Kiwix, ambayo hukuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Majirani wa Kidato cha Nne walikuwa wakija jioni kuisoma kwa simu zao. Wa pili alitunza hesabu za chama cha akina mama ambacho kukhu, yaani nyanya yangu, ni mweka hazina. Wa tatu ulikuwa wangu wa kujifunzia.

Basi siku moja seva ikazimika, ikajiwasha yenyewe. Baada ya siku nne, tena. Kisha mara mbili kwa usiku mmoja, halafu wiki nzima kimya. Kaka alinigeukia: "Wewe ndiwe uliyeigusa mwisho." Naye kukhu aliposikia kuwa kompyuta ya hesabu ni gonjwa alitaka kujua jambo moja tu: pesa za watu ziko salama? Nilishika tama. Kujitetea kwa maneno sikuweza, ikabidi nitafute sababu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kubahatisha. Kaka aliilaumu stima. Tangu nchi karibu nzima ilipoingia gizani tarehe 25 Agosti 2023, tena 11 Novemba na 10 Desemba mwaka huohuo, kwetu kila kitu kinachoharibika husemwa ni stima, hata saa ya ukutani inayotumia betri! Kila mmoja alikuwa na dhana yake wala hakuna aliyekuwa ameandika lolote. Nikachukua daftari la mazoezi na kupiga mistari: tarehe, saa, mashine pepe zipi zilikuwa zikifanya kazi, kulikuwa na joto au mvua, stima ilipotea au la. Wenye kompyuta wana desturi hii tangu zamani. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa mashine ya Harvard Mark II huko Marekani walimkuta nondo amekwama ndani ya mtambo, nao wakambandika kwenye daftari lao la kazi.

Baada ya mizimiko saba daftari likaanza kusema. Jambo la kwanza: wapangaji wote watatu walikuwa wakianguka pamoja. Angalikuwa mmoja tu, ningalimchunguza mpangaji huyo, programu zake na nafasi yake. Wakianguka wote, kasoro iko kwenye ploti. Jambo la pili: seva haikuzimika hata mara moja siku ambazo mashine yangu ya kujifunzia ilikuwa imefungwa. Kaka alifurahi sana. "Si nilisema ni wewe!" Lakini nisubirini kidogo.

Linux huwa na daftari lake la matukio. Ukiandika amri ya journalctl -b -1 utasoma yaliyotokea kabla ya kuwashwa mara ya mwisho. Kompyuta ikizimwa kwa heshima huaga: huandika kwamba inafunga hiki na kile. Yetu ilikuwa ikiandika habari za kawaida, halafu kimya, mstari unaofuata ni wa kuwashwa upya. Hiyo ni dalili ya kuanguka ghafla, nayo hutokana mara nyingi na umeme, joto au kumbukumbu. Tukavifuata kimoja kimoja.

Umeme: tulichomeka taa kwenye kebo ileile ya seva. Usiku mmoja seva ikazimika mbele ya macho yangu na taa haikupepesa. Kaka akaazima kwa rafiki yake kile kisanduku cha ndani kinachogeuza umeme wa volti 240 kuwa volti 12 na 5 na chini ya hapo, maana taa kutopepesa hakuthibitishi kuwa kisanduku ni kizima. Tukakibadilisha, na siku ya tatu ikaanguka vilevile.

Joto: tulifungua kifuniko tukakuta vumbi jekundu la Ndalu limejaa kwenye feni kama ugali wa jana. Tukalitoa kwa brashi, tukapaka upya ule mlenda unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Kumbukeni pia kwamba huku kwetu ni juu. Kitale iko kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupoza kidogo kuliko hewa ya Mombasa. Joto lilishuka kutoka nyuzi 71 hadi 58. Nyuzi 71 hazikuwa za kuua prosesa, na kweli mizimiko haikukoma.

Ikabaki kumbukumbu, ile RAM. Ilikuwa gigabaiti 16, vipande vinne vya gigabaiti 4. Kuna programu iitwayo Memtest86+ ambayo huwashwa peke yake kutoka kwenye flashi. Huandika tarakimu katika kila chumba cha kumbukumbu, kisha huzisoma kuona kama zimebaki vilevile. Tuliiendesha mzunguko mmoja. Haikuona kosa hata moja. Kaka akasema RAM ni nzima, nami nikakubali. Hapo tulipoteza wiki mbili! Niliporudia na kuiacha usiku kucha, makosa yalianza kutokea mzunguko wa tano. Kipande kinachoumwa mara mojamoja hakikamatwi kwa jicho moja.

Sasa kumbuka somo la majaribio katika fizikia: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Tulipima kila kipande peke yake, tena katika tundu lilelile. Vitatu vikapita, cha nne kikakosea. Je, labda tundu? Tukakihamishia tundu jingine na makosa yakakifuata. Tukaweka kipande kizima kwenye tundu la kwanza, hakuna kosa. Hapo mwizi alikuwa ameshikwa.

Na mashine yangu ya kujifunzia je? Maktaba ilikuwa imepewa gigabaiti 6, hesabu gigabaiti 3, yangu 5. Jumla 14, na mwenye ploti naye ahitaji zake. Zikiwaka zote, karibu kila chumba cha kumbukumbu kina mtu. Yangu ikifungwa, vyumba vingi hukaa wazi, na kile chumba kibovu huenda kisipangishwe wiki nzima. Mimi sikuharibu kitu. Nilikuwa mpangaji wa mwisho aliyesukumwa kwenye chumba chenye paa bovu. Nilimweleza kaka. Alikuna kichwa, akaninunulia soda.

Lakini swali la kukhu lilikuwa bado, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Seva inapozimika unaiona. RAM mbovu yaweza pia kubadilisha tarakimu kimyakimya na kuendelea na kazi. Mnajua kwamba kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 tu. Tarehe 18 Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja wa mtaa wa Schaerbeek, Brussels, alipata kura nyingi kupita kiasi kilichowezekana. Zilipohesabiwa upya, zilizozidi zilikuwa 4,096 kamili, yaani 2 ikizidishwa yenyewe mara kumi na mbili. Wataalamu hawakuona kosa katika programu. Maelezo yaliyobaki ni kwamba 0 moja iligeuka kuwa 1 ndani ya kumbukumbu. Fanya hivyo kwa mama aliyeweka shilingi 1,200 na daftari litasoma 5,296. Nani atamwamini mweka hazina?

Seva za mabenki hutumia RAM ya namna nyingine: kwa kila biti 64 za habari huwa na 8 za ulinzi, nazo zaweza kusahihisha kosa la biti moja na kugundua la biti mbili. Yetu haina, na kompyuta nyingi za nyumbani hazina.

Kwa hiyo tulikagua. Faili ya maktaba ina alama yake ya utambulisho, ambayo hupigwa kwa amri ya sha256sum. Yetu haikulingana na ile ya asili, ikabidi kaka aipakue upya, na bando la mwezi likaisha. Nakala za akiba tulizofanya wakati wa ugonjwa hatukuziamini pia, kwa sababu zilipitia RAM ileile. Kwa upande wa hesabu za chama, kukhu alitoa daftari lake la karatasi kutoka sandukuni, akasoma kiingizo kimoja kimoja kwa sauti nami nikifuata kwa simu. Viingizo 212. Tulianza baada ya chai, tukamaliza taa zikiwa zimewashwa. Vyote vililingana isipokuwa kimoja, na hicho kilikuwa kosa la mkono wangu: niliandika 350 badala ya 530.

Sasa seva ina gigabaiti 12, mashine yangu nimeipunguzia hadi 2, na ninapoandika haya imewaka siku 61 bila kuanguka, isipokuwa mara mbili stima ilipopotea kweli. Kukhu bado anaandika kwenye daftari lake la karatasi kwanza, ndipo ananiita.