Bunduki ya Kale ya Wenzo

Swali: Bunduki ya kale ya wenzo yenye mtutu mfupi hupimwaje thamani?

Jibu: Bunduki za wenzo, zinazokokiwa kwa kusukuma mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, zilipita Singida mapema. Mwaka 1871 mpelelezi Henry Morton Stanley alivuka Mgunda Mkali, pori la Manyoni ya leo mkoani Singida, msafara wake ukiwa na bunduki za wenzo aina ya Winchester na Henry.

Katika kupima thamani ya bunduki kama hizo, uasili ndio unaotangulia. Winchester fupi ya toleo la 1873 kwa kawaida ina mtutu wa inchi 20. Chache zilitoka kiwandani zikiwa fupi zaidi, na hizo ndizo ghali mno. Mtutu uliokatwa baadaye na fundi huiharibia bunduki bei. Kagua mdomo wa mtutu: tundu lililozibwa au kilengeo kilichohamishwa huonyesha msumeno ulipita. Kwa matoleo mengi, namba ya bunduki hulinganishwa na kumbukumbu za kiwanda zilizohifadhiwa Cody, Wyoming, Marekani. Kusugua kutu kwa msasa ni hasara kubwa, kwani maandishi na rangi ya awali havirudi tena.

Nchini Tanzania, umiliki wa silaha husimamiwa na sheria ya mwaka 2015, inayodai leseni. Aliyerithi bunduki ya namna hii atoe taarifa polisi kwanza, kabla ya kutafuta mnunuzi.