Krete mwezi Mei: soma mlima kwanza, bahari baadaye

Mitihani inakaribia kwisha na swali ni lile lile la kila mwaka: twende wapi tukaote jua bila kumaliza hela yote? Wengi wetu tukisikia Mediterania tunaona mchanga na maji ya buluu, basi. Safari hii tujifunze kuhusu kisiwa kimoja, Krete, kusini mwa Ugiriki. Kisiwa hiki kinaonyesha wazi kwamba pwani ya Mediterania haieleweki bila mlima ulio nyuma yake. Halafu kuna jambo lingine ambalo wengi hatukufundishwa shuleni: watu wa kwetu waliwahi kuishi pale. Nitalifikia.

Krete ina urefu wa kilomita 260 hivi, lakini upana wake ni kati ya kilomita 12 na 60 tu. Katika upana huo mdogo imesimama milima inayopita mita 2,400. Mlima Psiloritis una mita 2,456, na kilele cha Pachnes katika Milima Myeupe, upande wa magharibi, kina mita 2,453. Ni kama uichukue milima ya Usambara, uiongeze urefu kidogo, kisha uisogeze mpaka ufukweni Tanga.

Sasa tupige hesabu. Kadiri unavyopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Mwishoni mwa Mei mchana, mji wa Chania ulio pwani ya kaskazini unaweza kuwa na nyuzi 25. Ukifika uwanda wa Omalos, mita 1,050 hivi juu, tarajia 18. Kule Pachnes ni 9, na upepo hujauhesabu. Aliyepanda Kilimanjaro atasema hilo si geni. Kweli, lakini kwetu urefu wa mahali ndio unaoamua karibu kila kitu, ilhali kule urefu unashirikiana na majira. Wakati wa baridi theluji hujaa kwenye mashimo ya mlimani, na mwezi Mei mabaki yake bado yanaonekana. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama bandarini amevaa kandambili, jua linamchoma, na mbele yake anaona weupe mlimani.

Bahari nayo ina ujanja wake. Maji hupata joto polepole kuliko nchi kavu, kwa hiyo mwishoni mwa Mei bahari ya Krete ina nyuzi 20 hivi, na joto lake la juu kabisa huja Agosti na Septemba. Mtoto wa Mombasa au Unguja, aliyezoea maji yasiyoshuka sana chini ya nyuzi 25, akijirusha tu atapiga kelele. Usijidanganye kwa sababu jua ni kali.

Kwa nini basi twende Mei, tusingoje Agosti? Kwa sababu mvua za Krete hunyesha wakati wa baridi, hasa kati ya Oktoba na Machi, na kiangazi chote ni kikavu. Mwisho wa majira ya machipuko ni kama kwetu masika yakishaisha: vilima bado ni vya kijani, maua kibao, vijito vinatiririka. Ukija Julai utakuta majani yameshakauka na kuwa ya kahawia. Tahadhari moja tu: katika majira haya upepo wa kusini unaweza kuvuka bahari na vumbi la Sahara. Anga inageuka njano, na joto linaruka kupita nyuzi 30. Ukiona hivyo, siku hiyo si ya kutembea mlimani.

Milima yenyewe ni ya mawe ya chokaa, na chokaa haishiki maji juu. Mvua na theluji iliyoyeyuka hupenya kwenye nyufa, zikasafiri chini kwa chini, na kutokea mbali. Kati ya Chora Sfakion na Loutro, pwani ya kusini, kuna ufukwe unaoitwa Glyka Nera, yaani Maji Matamu. Unachimba kokoto kwa mkono, hatua chache kutoka kwenye chumvi, na yanatoka maji baridi ya kunywa. Ile ni theluji ya juu imeshuka.

Maji hayo hayo ndiyo yaliyochonga korongo la Samaria, ambalo ndilo somo lenyewe kwa vitendo. Unaanzia Xyloskalo, ukingoni mwa Omalos, mita 1,230 hivi juu ya bahari, na unashuka kilomita 16 mpaka kijiji cha Agia Roumeli kwenye Bahari ya Libya. Watu wengi hutumia saa tano mpaka saba. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1962, na wakazi wa kijiji cha Samaria kilichomo ndani wakahamishwa mwaka huo huo. Nyumba zao bado zipo. Ukibahatika utamwona kri-kri, mbuzi mwitu wa Krete. Karibu na mwisho kuta zinakaribiana mpaka zinabaki mita tatu au nne hivi, nazo zinapanda juu kiasi cha mita 300.

Wakati wa baridi korongo hufungwa, kwa sababu mto hujaa na mawe huanguka. Kwa kawaida hufunguliwa mapema Mei, na hata baada ya hapo linaweza kufungwa siku yoyote kwa mvua au kwa joto kali. Ulizia jioni ya kuamkia safari, siyo asubuhi ukiwa mlangoni. Asubuhi kule juu vaa sweta; saa sita mchana utalibeba. Maji ya kunywa yapo kwenye vituo vya njiani, chakula hakiuzwi, kwa hiyo beba chako. Kofia ni lazima, na dhana kwamba Mwafrika hapigwi na jua tuiache nyumbani. Tiketi usiitupe: inakaguliwa wakati wa kutoka ili ijulikane hakuna aliyebaki ndani, maana kulala humo ni marufuku. Kandambili acha hotelini. Kushuka kunaonekana rahisi kuliko kupanda, lakini waulize magoti yako kesho yake.

Agia Roumeli haina barabara ya gari. Unatoka kwa boti, ama kwenda Sougia ama Chora Sfakion, kisha basi la kurudi Chania. Pepo kali zikishuka kutoka mlimani, boti hazitoki na wewe hutoki, kwa hiyo usipange ndege ya kesho yake alfajiri. Wanaosoma Biblia watakumbuka Matendo ya Mitume sura ya 27. Meli iliyombeba mtume Paulo ilikuwa pwani hii hii ya kusini, ikitafuta bandari ya Foinike ili wapumzike wakati wa baridi. Upepo ukashuka ghafla kutoka upande wa kisiwani, wakaishia kuvunjikiwa na meli Malta. Foinike hiyo iko jirani na Loutro, na boti ya Chora Sfakion inapita hapo hapo.

Sasa turudi Chania, na tutoke nje ya kuta za mji wa zamani upande wa mashariki, mahali panapoitwa Koum Kapi. Leo ni mikahawa mitupu ikitazama bahari. Zamani za utawala wa Waturuki, na hata baada yake, palikuwa na mtaa wa Waafrika, waliojulikana kwa jina la Halikoutes. Wengi walikuwa na asili ya Sudan na Afrika ya kaskazini, baadhi wakiwa wameletwa kama watumwa na wengine ni watoto wao. Wanaume wengi walibeba mizigo bandarini. Mbeba mizigo kwa Kigiriki anaitwa *hamalis*. Hamali, bwana! Neno lile lile la Kiarabu lililofika Lamu na Unguja.

Na si Wasudani tu. Mustafa Olpak, raia wa Uturuki aliyefariki mwaka 2016, aliandika mwaka 2005 kitabu cha historia ya familia yake, na jina lake linaanza na maneno *Kenya-Girit-İstanbul*. Girit ndiyo Krete kwa Kituruki. Wazee wake walichukuliwa Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kufanywa watumwa Krete. Kisha Januari 1923, huko Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilitia saini mapatano ya kubadilishana watu. Kipimo hakikuwa lugha wala rangi, kilikuwa dini. Waislamu wa Krete, weusi kwa weupe, waliozungumza Kigiriki cha kisiwani, walipelekwa Uturuki. Familia ya Olpak ilitua Ayvalık. Yeye ndiye aliyeanzisha chama cha Waturuki wenye asili ya Afrika mwaka 2006, na sikukuu yao ya zamani, Dana Bayramı, yaani Sikukuu ya Ndama, ikafufuliwa. Hufanyika Izmir, mwezi Mei.

Mwenye kutaka kuunganisha Chania na Izmir katika safari moja asikilize hapa. Pasipoti zetu zinahitaji viza ya Schengen kuingia Ugiriki, na ruhusa ya kusoma Uingereza haisaidii. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024. Unaweza kuomba miezi sita kabla, na angalau siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Andika kabisa kwamba unataka kuingia zaidi ya mara moja. Ukivuka kwenda Uturuki umeshatoka Schengen, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, tiketi ya ndege ya kurudia Chania haitakufaa kitu.