Mafuriko ya Bondeni Yanaanzia Uani Kwako

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unakatiza Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Desemba 2011 ulifurika na kuua watu, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mvua zikizidi, Barabara ya Morogoro bado hufungwa pale Jangwani, na jiji likasimama.

Kila yakitokea mafuriko, lawama huwaangukia wakazi wa mabondeni. Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Lakini maji yanayowavamia hayakunyesha yote juu ya mabati yao. Mengi yametoka Kinyerezi, Segerea, Tabata, Ubungo na Sinza, kwenye mapaa na nyua za watu ambao hawajawahi kuamka usiku kuokoa godoro. Ukiishi huko juu, mto ule unakuhusu, na kuna mengi unayoweza kuyafanya kwenye kiwanja chako mwenyewe.

Udongo wenye majani hunyonya mvua na kuiachilia polepole. Bati, zege na vitofali havinyonyi. Maji hutimkia mtaroni, na ya mtaa mzima hufika mtoni kwa pamoja. Mto hupanda ghafla, hula kingo, hubeba mchanga na kuutua kwenye tambarare ya Jangwani. Kina kikipungua, mvua ndogo kuliko ya mwaka jana inatosha kuufurisha. Kiangazi nacho kina balaa lake: kwa kuwa maji hayakuingia ardhini, chemchemi hazina cha kutoa, na kijito hubaki na maji ya makaro tu. Kwa hiyo kazi yetu ni moja: kuyachelewesha maji pale yanapoangukia.

1. Piga hesabu ya paa lako

Milimita moja ya mvua kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Pima eneo ambalo paa limefunika, urefu kwa upana. Nyumba ya mita 10 kwa 10, ikinyeshewa milimita 50, inamwaga lita 5,000. Nyumba 20 za namna hiyo zinatoa lita 100,000. Ukishaijua hesabu yako, utajua ukubwa wa tanki na wa shimo unalohitaji.

2. Vuna, kisha tumia

Funga gata zenye mteremko kidogo kuelekea kwenye tanki. Maji ya kwanza yaoshe paa na yapite pembeni kabla hujaanza kukinga. Weka wavu kwenye mdomo wa tanki na mfuniko unaobana, kwa sababu mbu anayeeneza dengue hupenda kutaga kwenye maji yaliyotuama. Maji haya fulia, dekia, mwagilia. Usiyaonee uchungu katikati ya masika, maana tanki lililojaa halizuii hata ndoo moja ya mvua inayofuata. Bomba la maji yanayozidi lisielekezwe njiani. Lipeleke kwenye shimo la kunyonya.

3. Chimba shimo la kunyonya

Jaribu udongo kwanza. Chimba kishimo cha nusu mita, kijaze maji, kiache kinyonye, kisha ujaze tena. Yakiwa yameisha kesho yake, mahali hapo panafaa. Yakibaki, au ukikuta maji ya ardhini karibu, acha na utegemee tanki na bustani. Shimo likae angalau mita nne kutoka msingi wa nyumba, na mbali na choo na kisima. Kama kiwanja chako kiko kwenye mteremko mkali au ukingoni mwa korongo, usichimbe huko, kwa kuwa maji yatalegeza udongo na ukingo utaporomoka. Jaza mawe makubwa chini na kokoto juu. Kumbuka kwamba mawe yenyewe huchukua zaidi ya nusu ya nafasi, hivyo shimo liwe kubwa kuliko ujazo wa maji unayotaka liyanywe.

4. Usisakafie ua wote

Gari linahitaji njia mbili za magurudumu tu. Katikati acha majani. Ukipenda vitofali, chagua vyenye matundu, uviweke juu ya mchanga na kokoto bila kuziba viungo kwa saruji. Bustani nazo tumezoea kuziinua kwa ukingo wa matofali, na maji hupita pembeni yakaenda zake. Zishushe kiganja kimoja chini ya usawa wa ua ili maji yaingie. Yanapaswa kunywewa ndani ya siku mbili. Yakikaa zaidi, punguza kina kabla mbu hawajazaliana.

5. Ulinde ukingo

Kama unapakana na kijito, usifyeke matete wala kung'oa miti ya ukingoni. Panda nyasi za vetiva kwa mistari inayokata mteremko, maana mizizi yake huenda chini sana na kushika udongo. Usimwage kifusi kujipatia kiwanja: ukiubana mto upande wako, utaula upande wa jirani. Na wanaochota mchanga mtoni waambiwe wazi kwamba kila shimo wanalochimba huvuta kingo ziporomoke.

6. Usiutumie mtaro kama jalala

Kutapisha choo mvua inapokolea ni kumpelekea mtoto wa bondeni kipindupindu. Oili chafu ya gereji ikusanywe kwenye dumu. Na mtaro ukizibuliwa, tope lake lizolewe siku hiyohiyo. Likiachwa pembeni, mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka na jasho la watu linapotea bure.

7. Fuateni maji hadi mwisho wake

Kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, wakazi na mwenyekiti wa serikali ya mtaa waufuate mtaro wao kwa miguu kutoka juu hadi unapomwagia. Waangalie kalavati zilizoziba, na mahali maji yanapodondokea. Mtaro mpya wa zege unaoishia hewani juu ya korongo utalipanua korongo hilo kila masika. Wadai pawekwe mawe ya kuvunja kasi ya maji.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, umelenga kuchimba mto na kujenga daraja jipya Jangwani. Ni kazi inayohitajika sana. Lakini mchanga utakaochimbwa utarudi endapo sisi wa juu tutaendelea kuuteremsha. Mwenye uwezo wa jambo moja tu msimu huu asisubiri fedha za tanki: achukue sururu, avunje kipande cha zege pale maji ya paa yanapoangukia, alegeze udongo na apande majani. Lita zitakazonywewa hapo hazitafika Jangwani siku ya mafuriko.