Gitaa dogo la safari ya Kendwa

Ukitoka Mji Mkongwe na gitaa kwenda Kendwa, ndani ya daladala ya Nungwi utalipakata mapajani. Udogo wake basi si anasa. Lakini huko pwani adui ni hewa yenyewe: unyevu huvimbisha mbao, chumvi hula nyuzi, na joto la gari lililofungwa hulegeza gundi ya daraja, yaani kile kibao kinachoshika nyuzi.

Kwa hiyo anza na mwili. Mbao nzima huimba vizuri zaidi, ila hupinda upesi. Za matabaka, kama plaiwudi, hustahimili. Martin LX1E imechukua njia ya kati: uso wa mbao nzima, mgongo na mbavu za matabaka yaliyoshindiliwa. Urefu wa uzi unaopigwa ni milimita 584, ilhali magitaa makubwa mengi ya kampuni hiyo yana 645. Uzi mfupi hulegea, basi funga nyuzi nene kidogo, na uwe na za akiba.

Sasa umeme. Kinasa mtetemo kilicho chini ya daraja mara nyingi hutegemea betri, nayo huisha waya ukisahauliwa kwenye tundu, hata kama hupigi. Mimi ningelijaribu dukani bila spika kwanza, huku watu wawili watatu wakiimba. Umeme ukikatika katikati ya Misa, waimbaji watabaki na kisanduku hicho tu. Gitaa ambalo sauti yake haivuki benchi la tatu, hata liwe na vitufe vingapi, liache.