Kubonyeza, Kukanda au Kuchua? Kiswahili cha Kumtuliza Mama Kabla ya Upasuaji wa Uzazi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama anayesubiri kujifungua kwa upasuaji ana uchungu mwingine unaokitangulia kisu, nao ni jakamoyo. Mara nyingi hudungwa sindano ya ganzi mgongoni akabaki macho upasuaji ukiendelea. Kwa hivyo hofu yake haizimwi na usingizi. Miongoni mwa njia za kuipunguza ni tiba ya kubonyeza, yenye chimbuko lake Uchina. Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kuieleza tiba hii bila kumpotosha mama.

Dhana na ushahidi

Tiba hii ni ndugu wa tiba ya sindano, ila hapa kidole huchukua nafasi ya sindano. Tiba ya jadi ya Kichina hutambua vituo 361 vikuu mwilini. Katika kutuliza wasiwasi, vinavyotajwa mara kwa mara ni Shenmen, Neiguan na Yintang. Tafiti kadhaa, zikiwemo zilizofanywa Iran, zimeonyesha kwamba wanawake waliobonyezwa kabla ya upasuaji walipungukiwa na wasiwasi. Hata hivyo, nyingi zilihusisha washiriki wachache. Basi tiba hii ni nyongeza tu; haichukui nafasi ya dawa wala ya maelezo ya daktari.

Uteuzi wa istilahi

Mtu anaweza kushawishika kutohoa na kusema 'akupresha'. Utohozi huu una hatari. Katika mazungumzo ya kila siku, 'presha' ni ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao ni mojawapo ya sababu za wajawazito kufanyiwa upasuaji. Mama akiambiwa kwamba ataletewa 'akupresha', huenda neno lililokusudiwa kumtuliza likamzidishia hofu.

Tukigeukia vitenzi vyetu wenyewe, 'kuchua' ni kusugua mwili, aghalabu kwa mafuta. 'Kukanda' huhusu sehemu pana na hutumika pia kwa unga na kwa kitambaa cha maji moto. 'Kuminya' hudokeza kutoa kitu kilichomo ndani, nako 'kugandamiza' kuna uzito usiomfaa mgonjwa. 'Kubonyeza' hutaja kidole, mahali padogo na nguvu ya kiasi. Kwa sababu hiyo, 'tiba ya kubonyeza' ndiyo istilahi inayopendekezwa hapa.

Jazanda katika majina

Mwanafunzi wa fasihi hatakosa kuona kwamba majina ya vituo hivi ni jazanda. Shenmen ni 'mlango wa roho', na Neiguan ni 'lango la ndani'. Mwili umechorwa kama nyumba yenye milango inayoweza kubishwa. Taswira hii si ngeni kwa Mswahili, ambaye naye husema kwamba moyo umefunguka au umefungika.

Lugha ya kuelekeza

Jazanda haitoshi pale ambapo kidole kinatafuta mahali pa kubonyeza. Neno 'kiwiko', kwa mfano, kwa baadhi ya wasemaji ni kiungo cha kiganja, na kwa wengine ni kisugudi. Ni heri mhudumu aseme hivi:

'Mama, geuza kiganja kitazame juu. Mlango wa roho upo kwenye mkunjo ulio chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Lango la ndani lipo upana wa vidole vyako vitatu kutoka mkunjo huo kuelekea kisugudi, katikati ya kano mbili. Yintang ipo baina ya nyusi. Nitabonyeza taratibu kwa dakika chache, ukiumia, niambie.'

Aidha, mhudumu aepuke mahali palipodungwa sindano ya dripu. Wataalamu wa tiba hii pia huonya dhidi ya kumbonyeza mjamzito baina ya kidole gumba na cha shahada, na juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, kwa kuwa vituo hivyo huaminika kuamsha uchungu wa uzazi.

Hitimisho

Istilahi hupimwa kwa masikio ya anayeihitaji. Tunapounda msamiati wa tiba, tusiishie kwenye kamusi. Tuufikishe wodini, tumsikilize mama na mkunga, kisha tuurekebishe. Kiswahili kinachoeleweka ni sehemu ya utulivu anaoutafuta mama huyo.