Dondoo muhimu: Kuchunguza ufundi wa filamu za bunilizi za kisayansi

Zima sauti kwanza, muziki hupumbaza. Kisha simamisha picha, ukague vifaa. Mpini wa upanga wa mwanga wa Luke katika Star Wars (1977) ni wa flashi ya kamera kuukuu ya Graflex, na mwili wa chombo cha angani Millennium Falcon umebandikwa vipande vya vifaru vya kivita vya plastiki vya kuunganisha, vile wanavyonunuliwa watoto. Ubahili wa kupendeza!

Kwenye Jurassic Park (1993), rudia tukio la mvua. Kichwa cha dinosaria kikiwa karibu na gari, mara nyingi ni mashine ya fundi Stan Winston. Akitembea mwili mzima, ni kompyuta. Kagua nyayo na vivuli. Na usitazamie kwenye simu: kioo chake ni kidogo mno.