NYUKI WA MBAO NA UA LA MTUNGUJA

Wengi wetu tusomapo Sura An-Nahl humfikiria nyuki wa asali peke yake. Lakini akaaye Kyela, au Matema chini ya milima ya Livingstone, anamjua nyuki mwingine: mkubwa, mweusi, asiye na mzinga, atoboaye boriti na mianzi mikavu. Leo tumlinganishe na mtunguja, mmea wa miiba uotao wenyewe kando ya njia, ambao tunda lake chungu huitwa ndulele.

Ua la mtunguja ni la zambarau, na katikati yake imesimama mirija mitano ya manjano. Chavua imefungiwa ndani ya mirija hiyo, na mlango wake ni tundu dogo tu nchani. Nyuki wa asali hajui kuitikisa. Nyuki wa mbao huikumbatia, hukunja mbawa, kisha hutetemesha misuli ya kifuani. Mvumo wake hubadilika ghafula ukawa mkali, na chavua humwagika mwilini mwake kama unga. Maua ya nyanya na biringanya, jamaa za mtunguja, hutikiswa vivyo hivyo.

Mmea hausafiri, nyuki husafiri. Ndulele moja ina mbegu tele. Nyuki hutaga mayai machache, makubwa kuliko ya wadudu karibu wote, kila moja juu ya donge la chavua, katika chumba kilichozibwa kwa unga wa mbao. Katika Kiarabu cha sura ile nyuki husemeshwa kwa umbo la kike. Na huyu pia, ajengaye na kukusanya ni jike.

Je, wafadhiliana? Tusiharakishe. Ua hilo halina tone la utamu. Nyuki huutafuta kwingine, na mara nyingi hupasua shina la ua refu akanywa bila kugusa chavua. Huo ni wizi mtupu, na mhubiri asemaye kwamba viumbe vyote hutendeana ihsani atanyamazishwa na mdudu huyu. Dai letu ni dogo zaidi: kufuli limo katika mmea, ufunguo umo katika mdudu, wala hapana aliyemshauri mwenzake. Ajibuye kwamba vilifinyangika pamoja polepole, kwa muda mrefu mno, ametueleza njia. Aliyeifungua njia bado hajatajwa.

Mwenye shaka na aende asubuhi, mvua ikikatika, asimame penye mtunguja asikilize. Asiogope: dume hana mwiba, na jike ni nadra kuchoma asiposhikwa.